Ngitili ya Megawati

Saa mbili kamili asubuhi Shahidi alikohoa. Hana koo wala mapafu, lakini waliomtengeneza waliona watu watamwamini zaidi akikohoa kidogo kabla ya kusema, kama karani wa baraza.

"Jaribio la makabidhiano limeanza," alisema. "Mtambo wa Mwandubi ukitoa wastani wa megawati mia mbili na arobaini kwa saa nane, saa kumi jioni utakuwa mali ya Serikali na Kijiji. Ukipungua hata kidogo, Kampuni itauendesha miaka ishirini mingine. Wabia wote watatu wapo?"

"Serikali ipo," nikasema. Serikali nilikuwa mimi, Nyanzobe Kulola, mhandisi mwenye ufunguo wa umma, nimevaa gauni jeupe nililolipigia pasi mara mbili kwa ajili ya picha.

"Kampuni ipo," akasema Mhandisi Ruhinda, huku akikoroga chai yake taratibu. Alikuwa mtu wa adabu sana, Ruhinda. Katika miaka sita ya kufanya naye kazi sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, jambo ambalo lilinichosha kuliko kelele.

"Kijiji?"

Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Nilichungulia dirishani, nikaona vumbi limesimama upande wa geti la kusini, refu na pana, na chini yake pembe.

"Kijiji kiko getini," nikasema. "Kimekuja na ng'ombe."

Ruhinda aliweka kijiko pembeni ya kikombe bila kutoa sauti. Hakuonekana kushangaa hata kidogo, nami hilo nililiona papo hapo na likanikera.

Basi nikachukua baiskeli ya umeme nikashuka kati ya safu za paneli. Zilikuwa elfu tisini, kila moja kubwa kuliko mlango wa ghala, na zote zilikuwa zikigeuka pamoja kulifuata jua, polepole mno kiasi kwamba huwezi kuziona zikienda, unaona tu kwamba kivuli kimekuhama. Si paneli za kioo hizi. Ni utando mweusi laini uliokazwa kwenye fremu kama ngozi kwenye ngoma, na mionzi ambayo utando hauihitaji huiacha ipite hadi chini. Ndiyo sababu huko chini, kivulini ambako unyevu haukauki upesi, nyasi zilinifika kiunoni. Nje ya uzio, ambako mvua ilikosekana msimu wa pili sasa, hapakuwa na unyasi wa kuchokonolea meno.

Watu wa pwani wanapouliza ngitili ni nini huwa nawaambia ni uvumilivu uliozungushiwa mpaka. Ndivyo tulivyo Wasukuma. Unafunga eneo la malisho wakati wa mvua, mnyama haingii, na kiangazi kikikaza baraza la kijiji, dagashida, linataja siku ya kufungua. Anayeingiza ng'ombe kabla ya siku hutozwa dume, awe nani. Mwandubi iliwapa wabia ngitili yake yote ili wajenge mtambo, na kwa miaka ishirini siku ya kufungua haikuwahi kugongana na jambo lolote la mtambo. Mwaka huu Kampuni iliahirisha jaribio mara mbili, haki yake kimkataba, hadi likaangukia leo.

Getini alisimama shangazi yangu Holo, mwenyekiti wa dagashida, miaka sabini na miwili na mgongo ulionyooka kunishinda. Nyuma yake walikuwa wanakijiji kama elfu tatu, maana siku ya kufungua ni sikukuu na ni siku ya mashindano. Wagika walijipanga kulia na ngoma zao, Wagalu kushoto na zao, jamii mbili za wachezaji ambazo zimekuwa zikishindana tangu kabla ya babu yangu kuzaliwa. Nyuma ya watu walikuwa ng'ombe elfu mbili na mia sita. Waliletwa kutoka malisho ya mbali, mwendo wa siku nne, ili wafike leo. Mmoja alikuwa amelala barabarani na watu wawili wakimwinua kwa mkia.

"Mwangaluka, Nyanzobe," shangazi akasema.

"Mwangaluka, shangazi."

"Umenenepa. Serikali inakulisha vizuri."

"Shangazi, leo ndiyo jaribio. Nilikutumia ujumbe mara tatu."

"Niliupata mara zote tatu. Na wewe unajua leo ni siku gani." Aligusa nguzo ya geti kwa kiganja, mahali ambapo mkono wangu tu ndio ungeweza kulifungua. "Fungua, mwanangu. Wale wa nyuma hawafiki kesho."

"Wakiingia sasa vumbi litapanda juu ya paneli. Tutashindwa. Miaka ishirini, shangazi!"

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ile darasani, aliyekuwa akitafsiri alikuwa nani?"

*

Alikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na ujumbe wa Serikali na Kampuni ulinichukua kwa sababu nilijua Kisukuma. Tulikaa katika darasa la tatu la shule ya msingi, wakubwa wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Shangazi akasimama akasema kijiji kinatoa ardhi, kinakubali paneli na nyaya, ila siku ya kufungua ngitili itabaki yao, wataitaja wao, na hakuna atakayefunga geti siku hiyo. Nikatafsiri. Mkuu wa msafara akasema, "Ndiyo, ndiyo, waambie hilo halina neno."

Mwanasheria mmoja, Mungu ambariki popote alipo, akauliza kama tuliandike. Nikawauliza wazee. Wakacheka. "Neno la dagashida liandikwe? Kwani hapa kuna wezi?" Kwetu kumwambia mtu aandike alichoahidi mbele ya baraza ni kumtukana. Nilijua kwamba kwa wale wageni mambo ni kinyume chake, kwamba kisichoandikwa hakipo. Nilijua vizuri sana. Lakini ilikuwa saa nane, nilikuwa na njaa, pilau ilikuwa inanukia nje, na nikamgeukia mwanasheria nikasema, "Hawaoni haja."

Mkataba ukatoka na kurasa mia nne. Siku ya ngitili haimo hata kwenye tanbihi.

*

Nilirudi chumba cha uendeshaji saa tatu na nusu.

"Shahidi," nikasema, "geti likibaki limefungwa?"

"Wastani unaotarajiwa ni mia mbili arobaini na moja. Mtafaulu."

"Likifunguliwa?"

"Mia mbili kumi na tisa. Hamtafaulu."

"Kijiji kiliahidiwa siku ya leo. Nilikuwepo."

Shahidi akakohoa. Ni chombo chenye ukubwa wa debe la mafuta, sheria inataka kiwepo kimoja katika kila ubia, na hakuna mbia anayeweza kukifungua, kukihonga wala kukizima. Kinapima, kinatunza mkataba, kinautekeleza. "Ahadi hiyo haimo kwenye maandishi," kikasema. "Geti wakati wa jaribio liko chini ya mbia wa umma. Uamuzi ni wako."

Simu ikalia. Alikuwa katibu wetu, bosi wangu, kutoka Dodoma, ambako nasikia walikuwa wameshaagiza keki yenye umbo la paneli. Alikuwa na habari tayari.

"Nyanzobe, usifungue. Siku moja tu! Kesho tutawaletea majani kwa malori."

"Malori mangapi, mheshimiwa?"

"Tutaona."

Nilijua maana ya tutaona. Nimeitumia mwenyewe.

Nilikaa kitini. Nitasema kweli, kwa sababu nimeshasoma ripoti zinazonifanya nionekane jasiri: niliogopa. Mtambo ule ukiwa wetu, theluthi ya umeme wake ingebaki wilayani. Pampu, viwanda vya nyuzi, friji za maziwa, vitu ambavyo vijiji kumi na saba vilikuwa vimevisubiri tangu nikiwa msichana. Upande wa pili kulikuwa na ng'ombe wenye njaa na neno moja lililosemwa darasani na mkuu wa msafara ambaye sasa ni marehemu. Kwa hesabu yoyote niliyofundishwa, geti lilipaswa kubaki limefungwa. Na bado sikuweza kujizuia kufikiri kwamba ardhi yote ile tuliipata kwa neno. Hawakutupa hati, walitupa neno, nasi tukajenga juu yake.

"Wewe ungefanyaje?" nilimuuliza Ruhinda.

"Mimi ni Kampuni, dada Nyanzobe. Ukifunga nitakuheshimu, na ukifungua nitakuheshimu." Akatabasamu. "Ila jua la leo ni kali sana."

Saa nne kasorobo niliondoka pale bila kumpigia katibu. Saa nne nikaweka mkono wangu kwenye nguzo ya geti la kusini.

*

Sijui kama umewahi kusikia ng'ombe elfu mbili na mia sita wakinusa majani kwa pamoja. Waliingia kwa mkondo mmoja, wakatawanyika kwenye safu, vichwa vikazama nyasini na sauti ikawa ile tu ya kung'oa na kutafuna. Yule aliyekuwa akiinuliwa kwa mkia alivutwa hadi kwenye kivuli cha paneli ya kwanza, akapiga magoti, akaanza kula akiwa amepiga magoti vilevile. Nililia. Shangazi akaniambia niache, mhandisi hatakiwi kulia mbele ya ng'ombe, watamdharau.

Na vumbi likapanda. Loo, lilipanda! Kwenye kioo changu cha mkononi, kilichounganishwa na Shahidi, nikaona namba zikishuka kama mtu anayeteremka ngazi. Mia mbili thelathini. Mia mbili na tano. Mia na tisini. Vile vifagiaji vidogo vya Kampuni, ambavyo wanakijiji wanaviita kobe, vilitambaa juu ya paneli na brashi zao kavu, vikisukuma vumbi kutoka huku kwenda kule, kisha likirudi.

"Saa sita kamili," Shahidi akasema kutoka kwenye kioo. "Wastani ni mia mbili ishirini na moja. Ili mfaulu, saa nne zilizobaki zinatakiwa kutoa wastani wa mia mbili hamsini na tisa. Mtambo haujawahi kufika hapo mwezi wa kumi."

Nilizima sauti. Nilikuwa nimefanya lililo sawa na nilijisikia vibaya vilevile, wala mtu asikudanganye kwamba haya mawili hayakai pamoja.

Ng'ombe walikuwa wameanza kutafuta maji. Kila safu ya paneli ina mfereji ukingoni mwake wa chini, wa kukinga mvua, na mifereji yote humwaga kwenye mabirika ya kunyweshea. Maji yenyewe yalikuwa kwenye tenki la kilimani, hifadhi ya kijiji, na watu walishaanza kuyateka kwa ndoo ili kuyapeleka kwenye mabirika. Hapo ndipo Lushinge, manju na mwimbishaji wa Wagalu, mtu mwenye kifua kama pipa na maneno mengi kuliko kifua, alipopandisha ndoo yake begani, akatazama safu ya kumi na nne iliyogeuka rangi ya udongo, akawapigia kelele Wagika.

"Nyie! Mnayabeba maji kama bibi harusi! Si yanakwenda birikani? Kwani yakipitia juu yatapotea njia?"

Akayamwaga juu ya paneli.

"Acha!" nilipiga yowe. Nilikimbia nikijikwaa. Mhandisi yeyote wa jua anajua, kabla hata ya kujua jina la mkuu wa chuo, kwamba paneli haioshwi saa sita mchana: kitu cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Nilisubiri mlio wa kupasuka.

Haukuja. Maji yaliteremka na matope yake, yakaingia mferejini, yakaimba hadi birikani, na dume mmoja mwekundu akayanywa. Utando ukabaki mweusi, umelowa, mzima kabisa.

Nilitazama kioo cha mkononi. Paneli ile ilikuwa inatoa umeme mwingi kuliko ilivyokuwa inatoa asubuhi ikiwa safi.

Nikaelewa, na nikaona aibu. Mwalimu wangu alifundishwa enzi za kioo, naye akanifundisha mimi, nami nikawafundisha wengine, na hakuna aliyekumbuka kwamba utando haupasuki. Paneli hupenda mwanga lakini huchukia joto. Kila nyuzijoto moja inayozidi ishirini na tano huiibia nguvu kidogo, na saa sita ile utando ulikuwa na nyuzi sabini. Lushinge alikuwa ameushusha hadi thelathini na nane kwa ndoo moja na kejeli moja.

"Lushinge!" nikasema. "Mwaga tena!"

"Kumbe si ulikataza?"

"Mwaga, baba! Mwagieni zote! Nataka safu zote!"

Shangazi Holo, ambaye ni Mgika wa kuzaliwa, alishaona kinachotokea. Alipanda juu ya jukwaa la mabomba, akafunga khanga kiunoni. "Wagika!" aliita. "Wagalu wametangulia kwa ndoo moja. Mtalala na aibu hiyo?"

Ngoma zikaanza upande wa kulia. Zikajibiwa upande wa kushoto.

Ningependa kukueleza kwamba nilipanga kazi. Sikupanga lolote. Watu wale wanajua kufanya kazi kwa kushindana kabla hawajajua kutembea: walime shamba, wapige udongo wa nyumba, daima pande mbili, ngoma mbili, na kila upande ukiapa kwamba mwenzake anatumia dawa. Wagika walichukua safu zote za mashariki, Wagalu za magharibi. Ndoo zilipita mkono kwa mkono kwa mdundo, wa mwisho anarusha, maji yanateremka, ng'ombe wanakunywa, yanayobaki yanatekwa tena, yanarudi juu. Akina mama walirusha kwa masufuria ya sherehe. Lushinge alitunga wimbo papo hapo kuhusu kobe wa Kampuni wanaofagia bila kunawa, na Wagika, kwa hasira, wakauimba vizuri kuliko Wagalu.

Ruhinda alishuka akiwa ameshika mwavuli. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea haraka.

"Shahidi," alisema, "napinga. Uoshaji wa maji kwa mikono haumo kwenye taratibu za uendeshaji."

Shahidi akakohoa. "Haumo," akakubali. "Wala haukukatazwa. Jambo hili halikuandikwa."

Sijawahi kupenda sentensi kama nilivyoipenda ile.

*

Saa saba: mia mbili hamsini na moja, inapanda. Saa nane: mia mbili sitini na sita. Saa tisa kasorobo Lushinge aliteleza kwenye tope akainuka bila kuachia ndoo. Saa tisa: mia mbili sabini, namba ambayo tangu mtambo ujengwe ilikuwa inaonekana kwenye vipeperushi tu. Nilikuwa nikiisoma kwa kipaza sauti na kila nilipoisoma pande zote mbili zilishangilia, kila moja ikidhani ni yake.

Katibu alipiga simu mara nane. Mara ya tisa nilimpokea, nikainua simu juu ili asikie ngoma, nikakata.

"Saa kumi kamili," Shahidi akasema, na watu elfu tatu wakanyamaza kwa mpigo mmoja hadi ukasikia ng'ombe wakicheua. "Wastani wa saa nane ni megawati mia mbili arobaini na moja. Mtambo umefaulu."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua, nikainuliwa, nikaangushwa, nikainuliwa tena. Nilipopata miguu yangu nilimuuliza Shahidi swali lililobaki.

"Na kama geti lingebaki limefungwa?"

"Asubuhi nilikadiria kwa joto la kawaida la mwezi huu. Joto halisi la leo lilizidi kwa nyuzi saba. Geti lingebaki limefungwa, kwa vifagiaji vikavu, wastani ungekuwa mia mbili thelathini na tatu. Msingefaulu."

Nilimgeukia Ruhinda. Alikuwa amefunga mwavuli wake, na suruali yake ilikuwa na matope hadi magotini.

"Ulijua," nikasema. "Ulijua joto la leo."

"Kazi yangu ni kujua joto," alijibu kwa upole wake uleule. Kisha akaangalia ng'ombe walioshiba, wamelala kivulini mwa paneli zinazong'aa. "Hili la ndoo sikulijua. Hongera, dada. Nasema kutoka moyoni."

Alinipa mkono, nami nikaupokea. Kwa nini nisiupokee? Tulikuwa tumemshinda.

Makabidhiano yalihitaji viganja vitatu juu ya kioo cha Shahidi. Ruhinda aliweka chake kwanza, akajiondoa. Niliweka changu. Zamu ya shangazi Holo ilipofika, Shahidi alikohoa.

"Kiganja hakisomeki. Tafadhali nawa."

Shangazi aliutazama mkono wake. Ulikuwa na tope, mavi ya ng'ombe na masizi ya sufuria hadi kwenye kiwiko. "Leteni maji," akasema.

Tenki lilikuwa tupu. Mabirika yalikuwa matupu, yamelambwa hadi sementi. Katika Mwandubi nzima, mbele ya mtambo mkubwa kuliko yote katika ukanda wetu, hapakuwa na maji ya kunawa mkono mmoja.

"Nyanzobe," shangazi akasema, "sogea."

Nikasogea. Akaufuta mkono wake kwenye gauni langu jeupe, upande wa kiganja, upande wa nyuma, kidole kimoja kimoja, taratibu, huku wapiga picha wakipiga picha. Kisha akauweka juu ya kioo.

"Kimesomeka," Shahidi akasema. "Mtambo ni wenu."